Jumamosi Kupanda

Gimbi lililooza ardhini lina harufu yake. Si harufu ya mzoga, wala ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ni uchachu mzito wa togwa iliyosahauliwa chunguni, umechanganyika na tope baridi, na ukishalifukua kwa mkono harufu hiyo hukaa kwenye kucha siku tatu hata ukijisugua kwa majivu na sabuni. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini. Mikono yangu siku hizi inanuka mafuta ya mashine na vitambaa vipya, na wateja wanaojua kwamba natoka milimani huniletea magimbi kwa wema wao. Nayapokea, nashukuru, nampa jirani. Wapo wanaoniona mtu wa maringo, na mimi nawaacha waone hivyo. Siwezi kumweleza kila anayekuja kupunguza gauni kwamba chakula hicho anachokipenda kwa chai ya asubuhi ndicho kilichotutoa nyumbani kwetu, na kwamba aliyekipanda ni mimi.

Nilizaliwa Mgeta, juu kabisa, mahali ambapo kabichi na karoti hustawi kwenye matuta yaliyokatwa ngazi ngazi mlimani, na malori ya mboga yakipanda hupumua kwa taabu kiasi kwamba unayasikia nusu saa kabla hujayaona. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu ulikuwa ukilala mlangoni mwetu mpaka saa nne asubuhi. Tulikwenda shule tumejifunga kanga kichwani, na maji ya kutawadhia yalimfanya baba aseme maneno ambayo hayakustahili kusemwa kabla ya sala. Mama yangu hakuwa mtu wa huko. Alikuwa mtoto wa Mlali, chini kwenye joto, ambako bibi yangu alilima magimbi kando ya kijito na hakuwahi kujiuliza lini ayapande, maana huko udongo una joto wakati wote na mtu anasubiri maji tu. Mama alipoolewa alikuja na mbegu za magimbi za bibi katika gunia, akazipanda kwa mwezi aliouzoea, na zote zikaoza. Mwaka uliofuata zikaoza tena. Baba alimcheka, majirani wakamcheka, wakamwambia alime kabichi kama watu wengine.

Mama hakuwa mtu wa kuchekwa mara tatu. Alikaa na jambo lile mpaka akalielewa. Aligundua kwamba gimbi halichukii baridi likishakuwa kubwa. Linachoshindwa ni kuamka ndani ya baridi. Kwa hiyo akawa analiamsha nyumbani. Alipanga mbegu kwenye vikapu vyenye majivu na majani makavu ya mgomba, akaviweka kwenye uchaga juu ya jiko, pale tulipokaushia mahindi, na jioni sisi watoto tulizigeuza moja moja mpaka zitoe vichipukizi vyeupe vyenye ncha ya waridi. Kuhusu siku ya kuzipeleka shambani alikuwa na kipimo chake mwenyewe ambacho sijakiona kwa mtu mwingine yeyote. Asubuhi, kabla jua halijapasua ukungu, alichimba shimo dogo, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaufukia, akasoma sura ya Alhamdu kwa sauti ya chini. Akifika amin vidole vikiwa bado vinahisi, udongo umeamka. Vikiwa vimekufa ganzi, alichomoa mkono, akaupuliza, akatuambia, "Bado." Tangu alipoanza kipimo hicho hakupoteza mbegu hata moja, na baba akaacha kucheka, akawa anayala.

Baba alifariki baada ya masika, nilipokuwa darasa la sita. Alikohoa wiki mbili, tukadhani ni baridi. Ilipokwisha arobaini, mjomba wake, Mzee Salumu, ambaye mimi na mdogo wangu Mwajuma tulimwita babu, alikuja kukaa na mama sebuleni, akaweka kofia yake gotini. Kwetu Uluguruni ukoo hufuata upande wa mama. Shamba la baba lilikuwa la ukoo wa mama yake, na msimamizi wa ukoo huo alikuwa Mzee Salumu. Sisi watoto tulikuwa wa ukoo wa mama yetu, wa Mlali. Nilikuwa nikiyasikia mambo hayo tangu utotoni bila kujua kwamba siku moja yatanihusu. Babu alizungumza kwa upole. Alisema hawatufukuzi, wao si wanyama, ila shamba lazima lirudi kwa wenyewe. Alisema atakuja kukagua kabla ya mvua za vuli, na kwa desturi, chochote atakachokikuta ardhini siku hiyo ni cha mama. Atakivuna kwa amani, kisha atashuka kwao. Akimkuta hana kitu, atashuka mapema.

Mama aliitikia, "Nimesikia, Mjomba," akamtengea chai. Alipoondoka, mama alianza kuhesabu miezi kwenye vidole vyake. Kabichi ni miezi mitatu. Maharage ni mitatu. Lakini gimbi, kwenye baridi yetu, hukaa ardhini karibu mwaka mzima, na mwaka mzima ndio niliouhitaji ili nimalize darasa la saba kwenye shule ile ile, kwa walimu wale wale ambao walikwisha kumwambia mama kwamba mtoto huyu atafaulu. Nakumbuka alivyonitazama baada ya kuhesabu. Ule ucheleweshaji wa gimbi uliowachosha wakulima wote wa mlimani yeye aliugeuza kuwa ngao. Akatuma mbegu ziletwe kutoka kwa bibi, magunia mawili, zote alizokuwa nazo, akazipandisha uchagani. Kilichobaki kilikuwa ni kuchagua siku. Akizipeleka shambani mapema zitaoza. Akichelewa, babu atakuja akute matuta matupu. Kila asubuhi alikwenda kutia mkono udongoni, na kila asubuhi alirudi amekunja uso. Mimi nilimwuliza mara nyingi kuliko inavyofaa, naye akajibu lile lile, bado.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane ilikuja habari kwamba bibi anaumwa. Mama akashuka Mlali kwa lori la mboga, akatuachia nyumba, mimi na Mwajuma, pamoja na jirani mmoja wa kututupia macho. Aliniambia nigeuze mbegu kila jioni na moto usizimike. Zikapita siku sita. Siku ya Alhamisi, Mama Tatu, mfanyabiashara wa kabichi aliyekuwa akipanda na kushuka na lori kila wiki, alipita barabarani chini ya nyumba yetu. Lori halikusimama, lilipunguza mwendo tu kwenye kona, naye akatoa kichwa dirishani akapaza sauti ili ishinde ya injini.

"Zainabu! Mama yako kasema Jumamosi kupanda! Jiandaeni!"

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa mahali pengine hataona kosa liko wapi. Watu wa Mlali, wakitaka kuja kwetu, husema wanapanda. Wako chini, mlima uko mbele yao, watasemaje vinginevyo? Lakini sisi tuliozaliwa juu hatukuwa na mlima wa kuupanda kwenda nyumbani. Kwetu mtu huja, hapandi. Kupanda kulikuwa kazi ya jembe na mbegu. Na katika nyumba ile, kwa miezi miwili mizima, hakuna neno lililotajwa zaidi ya hilo. Tulilala nalo, tukaamka nalo. Mama alituma kusema kwamba Jumamosi atapanda mlima arudi kwetu, tujiandae kumpokea, tuchemshe maji, tufagie. Mimi nikasikia kwamba Jumamosi ni siku ya kupanda magimbi. Nikajiambia mama amepata habari huko chini kwamba babu anakuja mapema, ndiyo maana ameamua tuwahi. Nilijiona nimeelewa jambo la watu wazima, na nakiri kwamba nilifurahi sana.

Jumamosi tuliamka kabla ya ukungu kuinuka. Niliteremsha vikapu kutoka uchagani, kimoja baada ya kingine, na mbegu zilikuwa na joto la jiko bado. Vichipukizi vilikuwa vimefika urefu wa kidole changu cha mwisho. Mwajuma, ambaye alikuwa na miaka saba, alizibeba kwa upande wa kanga yake bila kuangusha hata moja. Mimi nilichimba. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na baridi yake ilipenya mpaka kwenye mifupa ya miguu, lakini nani alikuwa na habari ya miguu? Sikutia mkono udongoni kupima. Nimejiuliza jambo hilo maisha yangu yote. Nilimwona mama akifanya hivyo kila siku, nilijua sababu yake, na bado sikufanya, kwa kuwa nilidhani mama amekwisha kusema. Utomvu wa mbegu tulizojeruhi kwa jembe ulituwasha mikono, tukajipaka majivu, tukaendelea. Kufika alasiri tulikuwa tumemaliza matuta yote, kuanzia mgombani mpaka kwenye jiwe la mpaka, na wapitaji wawili watatu walisimama njiani kututazama. Mmoja wao alisema, "Hongereni, wanangu." Nilisimama wima kama mwenye shamba.

Mama alifika jioni, amejitwika mkungu wa ndizi kutoka kwa bibi, ambaye alikuwa amepata nafuu. Nilimkimbilia, nikasema shikamoo, na kabla hajaitikia nikamwambia, "Tumemaliza yote, Mama!" Akauliza mmemaliza nini. Nikamwonyesha shamba. Alitua mkungu polepole. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta la kwanza, akapiga magoti na nguo zake za safari, akatia mkono. Hakufika hata katikati ya sura. Aliuchomoa, akaanza kufukua kwa vidole, mbegu baada ya mbegu, akiziweka kwenye upande wa kanga, na vichipukizi vilikatika kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Alipata kikapu kimoja. Tuliporudi ndani alivimba mikono kwa kuwashwa, akaiweka karibu na moto, akasema kwamba alfajiri tutatoa zilizobaki, zilale tena uchagani, siku moja ya baridi haiwezi kuziua.

Alfajiri tulimkuta Mzee Salumu amekwisha kufika. Wale waliotupa hongera walikuwa wamempelekea habari. Alikuwa amesimama kwenye tuta na fimbo yake, ukungu umemfika kiunoni, anatazama kazi yangu. Mama alimwamkia, akamweleza kila kitu bila kuficha: ujumbe ulivyoharibika, watoto walivyowahi, ardhi ilivyo baridi bado. Akamwomba ruhusa ya kuzitoa na kuzirudisha mwezi wa kumi udongo utakapoamka. Alipiga magoti akiomba, na mimi nilikuwa nyuma yake na jembe mkononi. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo ninaweza kuyarudia kama yalivyotoka.

"Mwanangu, mimi leo nimekuja kukagua. Nimekuta umepanda, nimefurahi. Ukizitoa, nitakuwa nimekuta ardhi tupu. Ziache. Mbona mmepanda vizuri tu?"

Mzee yule alikuwa amelima mlima ule tangu ujana wake mpaka meno yakamtoka. Aliijua baridi ya mwezi wa nane kuliko mama, kuliko sisi wote. Alipokuwa akisema tumepanda vizuri alikuwa anatazama maiti za mbegu na anajua kwamba ni maiti, na sauti yake ilikuwa ya upole ule ule wa siku ya arobaini. Ningemsamehe kama angetufukuza kwa ukali. Upole wake ndio sijausamehe mpaka leo, na ameshafariki, na sina mpango.

Mama aliziacha. Alifanya alichoweza: alimwaga majivu ya moto juu ya matuta, akayafunika kwa majani makavu ya migomba, akawa anayafunua jua likitoka na kuyafunika likizama. Mwezi wa tisa wote alifanya hivyo. Shuleni nilikuwa nasoma huku nawaza matuta. Tukirudi tulitafuta kijani, tukaona tu majani ya magugu. Mwishoni mwa mwezi harufu ikaanza. Kwanza ilikuwa hafifu, unaipata ukiinama. Baadaye ukiwa mlangoni. Mwezi wa kumi udongo uliamka, mama akafika amin na vidole vyake vinahisi, na siku hiyo hiyo akapanda kile kikapu kimoja alichokiokoa. Zote zikaota. Mstari mmoja, majani mapana yanayong'aa, kwenye shamba zima lililokufa. Mzee Salumu alipokuja mara ya pili alichomeka fimbo kwenye tuta langu, akaitoa, akanusa ncha yake. Mama akamwonyesha ule mstari. Babu akasema huo ni bustani, si shamba. Kabla mvua za vuli hazijaanza vizuri tulikuwa tumeshashuka, magodoro mawili, sufuria na cherehani ya mkono ya mama juu ya shehena ya kabichi. Nani alivuna ule mstari sijui.

Mlali tulikaa kwa kaka yake mama. Hawakututesa, lakini watu watatu wasiotarajiwa lazima wajilipie chakula, kwa hiyo mimi na mama tulifanya vibarua kwenye mashamba ya nyanya kabla sijaenda shule, na mara nyingine badala ya kwenda. Mtihani wa darasa la saba niliufanya nikiwa na usingizi, na nikafeli. Sisemi ni kwa sababu ya magimbi peke yake; wapo waliolima nyanya wakafaulu. Nasema nilipofeli mama alisoma karatasi ya matokeo, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro, na tangu hapo sijamsikia akitamka neno kupanda. Kwanza nilidhani ni bahati tu. Baadaye nikaanza kumsikiliza kwa makusudi. Mtu akija kutoka chini, kwake yeye huja. Bei za vitu haziwi za kupanda, huongezeka. Hata mbegu hazipandi. Anasema anazifukia, kama unavyosema juu ya maiti. Alinifundisha cherehani, alinioza, alinilelea watoto, na kwa miaka yote hiyo neno hilo hakulitia kinywani nikiwa karibu.

Miaka mitatu iliyopita nilimwuliza. Alikuwa amehamia kwangu hapa mjini, sukari imeanza kumsumbua miguu. Nilimwuliza kama alinikasirikia. Nilitegemea aseme, "Hapana, mwanangu, ulikuwa mtoto." Akasema, "Nilikukasirikia. Miaka mingi. Nilijua u mtoto, nilijua kosa si lako, hata Mama Tatu sikumlaumu. Lakini nilikuwa nakukasirikia." Nikamwuliza, na Babu je? Akasema, "Yule alikuwa anatetea ya kwao. Wewe nilikuonyesha mkono wangu kila asubuhi." Nilirudi kwenye mashine nikashona mkono wa blauzi kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Siku hizi, mama akitaka kuniambia neno, ananipigia simu kutoka chumba cha pili. Wajukuu wake wanatumiana sauti na picha, na wakikosea kuelewana huulizana papo hapo. Wanaopanda na kushuka Mgeta wananiambia ukungu umepungua, jua linawahi, na watu huko wanatia magimbi ardhini miezi ambayo mama angewakataza, nayo yanaota. Mbegu zangu, pengine, zingeota leo. Hapa Morogoro ndiyo kabisa, gimbi huota hata ukilitupa nyuma ya choo. Ule ujuzi wote wa uchaga na majivu hauna kazi. Hata hivyo wiki iliyopita, mvua za kwanza zilipolowesha ua, nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mkono umezama kwenye ndoo ya udongo, midomo inacheza. Pembeni yake kulikuwa na magimbi manne aliyopewa na jirani, yale yale niliyokuwa nimeyagawa. Nikamwambia, "Mama, hapa si Mgeta." Akamaliza sura yake, akachomoa mkono, akautazama kama ni wa mtu mwingine. Sukari imemla hisia za vidole. Sasa hata kikombe cha chai ya moto hakimchomi.

"Sisikii kitu," alisema. "Tia wewe, uniambie."

Nilichuchumaa, nikakunja mkono wa gauni, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilisoma taratibu, bila kuruka neno, kama ambavyo ningepaswa kusoma asubuhi ile. Udongo ulikuwa na joto tangu bismillahi, na nilipofika amin vidole vyangu vyote vilikuwepo. Nikamwambia umeamka. Alinitazama, akanisogezea magimbi kwa mguu.

"Haya," akasema. "Panda."

Nimelisubiri neno hilo zaidi ya miaka ishirini, na nilipolipata lilikuwa la magimbi manne, ndani ya ndoo ya plastiki iliyotoboka.